Mkopo wa Nyumba: Jina Lako Liwe Kwenye Karatasi

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Upanga



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Wapo tulioanza nao na leo hatunao. Tunawaombea mapumziko mema. Pili, tunawashukuru majirani zetu wa Upanga na wafanyabiashara wa Kariakoo ambao hawajatutupa mkono tangu tulipoanza.

Ndugu wageni, sisi tulianza na upatu, na daftari moja la kurasa mia. Mikopo yetu ya mwanzo ilikuwa ya ada ya shule, ya matibabu, ya kuongeza mzigo dukani. Lakini siku hizi kila tukikutana swali ni moja: "Mama Mwenyekiti, nyumba tunapataje?" Kwa hiyo kamati imeagiza kwamba hotuba ya leo izungumzie mkopo wa nyumba, ule wa benki, ambao nyumba unayoinunua ndiyo inawekwa rehani. Kikundi hakina uwezo wa kumnunulia mtu nyumba. Lakini kinaweza kumfikisha mlangoni pa benki akiwa amejiandaa.

Tuanze na tulikotoka. Wazee wa hapa wanakumbuka mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana wengi wetu hapa Upanga tumelea watoto katika nyumba za Shirika. Tunashukuru. Lakini jamani tuelewane: hata ukilipa kodi miaka thelathini, nyumba ya kupanga si dhamana. Huwezi kuiweka rehani, kwa sababu si yako.

Ilikuwapo pia Benki ya Nyumba, THB, iliyoanza kazi mwaka 1973. Ikafungwa mwaka 1995. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida alijenga kwa kudunduliza: mwaka huu tofali, mwakani bati, dirisha Mungu akipenda. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2008, Bunge lilipopitisha sheria mbili. Moja ilihusu mikopo ya nyumba. Ya pili ilihusu umiliki wa sehemu ya jengo, kwamba mtu anaweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake ndani ya ghorofa la watu wengi. Kisha mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili na zenyewe ziweze kukopesha watu wa nyumba kwa miaka mingi. Kwa hiyo mlango upo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaufikia mikono mitupu.

Ndugu wanachama, benki haioni jasho lako, inaona karatasi zako. Tutoe mfano wa mwenzetu mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Jina tunalihifadhi, ingawa yupo hapa na anacheka. Mama huyu alikuwa akizungusha fedha nyingi kila wiki, lakini zote zilipita mkononi na kwenye simu, zikarudi kwenye mzigo. Akapata nyumba ya kununua upande wa Tabata, akaenda benki. Akaulizwa: taarifa ya akaunti iko wapi? Hana. Leseni ya biashara ina jina la nani? La mume. Akaambiwa hapana. Aliporudi kikundini alisema, "Wamenitazama kama sifanyi kazi."

Hakukata tamaa. Akachukua leseni na namba ya mlipakodi kwa jina lake. Kila jioni akawa anapeleka mauzo benki, hata yakiwa elfu ishirini. Mwaka mzima. Akarudi. Safari hii benki ikamkubali yeye, ikaikataa nyumba! Katika upekuzi wa ofisi ya ardhi, hati ilionekana ina jina la marehemu baba wa muuzaji, na mirathi haikuwa imefunguliwa. Basi ndugu wa muuzaji wakaenda mahakamani, akateuliwa msimamizi wa mirathi, hati ikanyooshwa. Mara ya tatu mkopo ukapita. Leo analipa kila mwezi, na jina lililo kwenye hati ni lake.

Tumejifunza nini hapo? Tuliyaandika kwenye daftari letu, na tunayaweka katika kijitabu hiki ili kila mama awe nayo nyumbani.

Kwanza, kipato chako kionekane. Weka fedha benki kwa jina lako, mara kwa mara, angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba. Na lipa madeni madogo kwa wakati, hata yale ya kwenye simu, kwa sababu siku hizi kumbukumbu za wakopaji zinatunzwa na benki inazisoma.

Pili, uwe na fedha yako ya kuanzia. Benki haitoi bei yote ya nyumba. Sehemu unatoa mwenyewe. Na juu ya hiyo kuna mthamini, kuna mwanasheria, kuna bima, kuna ada za kuandikisha. Hapa ndipo akiba ya kikundi inaposaidia.

Tatu, ikague nyumba kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Taka kuona hati, namba ya kiwanja, na stakabadhi za kodi ya ardhi. Fanya upekuzi rasmi. Dalali akikwambia "hati ipo, usijali", mwambie huo ndio wasiwasi wenyewe. Na tukumbuke, ile leseni ya makazi iliyoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 ni kitu kizuri, lakini ni ya miaka michache tu, hailingani na hati. Kwa mkopo wa miaka kumi na tano utatakiwa hati.

Nne, piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kupigiwa. Mabinti zetu wametusaidia hesabu hii. Ukikopa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ukalipa kwa miaka 15, kila mwezi ni kama laki saba. Hadi unamaliza utakuwa umelipa kama milioni 126. Mkopo huohuo kwa miaka 10, kila mwezi ni kama laki nane na elfu saba, na jumla ni kama milioni 97. Yaani ukiongeza kama laki moja na elfu saba kwa mwezi, unaokoa karibu milioni 29. Benki haitakwambia hivyo usipouliza. Kwa hiyo uliza: riba ni ngapi, inaweza kupanda au la, nikitaka kumaliza mapema kuna faini? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo hupungua kwa aliyepiga hesabu mapema.

Tano, na hili akina mama tulisikilize vizuri. Rehani maana yake ni kwamba usipolipa, nyumba inauzwa. Ndiyo maana sheria imemlinda mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mke au mume. Saini yako si pambo.

Yupo mwenzetu mwingine ambaye mumewe alirudi na karatasi imekunjwa, akamwambia, "Mama watoto, saini hapa, ni mambo ya umeme." Mama akasema atasaini asubuhi. Asubuhi akaja nayo kwa katibu wetu. Tukakaa watu wanne tukaisoma mstari kwa mstari, sisi ambao wengi wetu tumeishia darasa la saba. Haikuwa ya umeme. Ilikuwa ridhaa ya kuweka nyumba rehani kwa mkopo wa kununua lori. Akairudisha nyumbani bila saini, akamwambia mumewe kwa adabu, "Baba, tuzungumze kwanza." Wakazungumza, siku mbili hawakusalimiana, halafu yakaisha. Nyumba ipo hadi leo, na mume yupo.

Hatusemi wanaume ni wabaya. Mwenzetu wa vitenge mumewe alikwenda naye benki, akatoa ridhaa yake mbele ya ofisa, na alimshika mkono siku ya kukabidhiwa funguo. Tunasema tu kwamba jambo la nyumba ni la watu wawili, na wote wawili wasome.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Tunaomba utusaidie kumpata mtu wa ardhi na mtu wa benki waje kwenye mkutano wetu, japo mara moja kwa mwaka, waeleze kwa Kiswahili cha kawaida. Na sisi tunaahidi kutunza vitabu vyetu kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ili mama akisema "nimeweka akiba miaka kumi bila kukosa", pawepo na kitabu cha kumshuhudia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanachama wenzetu, katika miaka kumi tumejifunza kuweka akiba. Katika kumi inayokuja, tuweke majina yetu: kwenye akaunti, kwenye leseni, kwenye stakabadhi, na Mungu akijalia, kwenye hati. Mwenye umri mkubwa asiseme muda umepita. Anayeanza leo kupeleka mauzo benki, mwakani siku kama hii ana mwaka mzima wa kumbukumbu mkononi.