Oili Chafu Isimwagwe Chini



Kutoka Lamadi kupita Bariadi na Maswa mpaka Mwigumbi, siku hizi ni lami tupu. Tuliililia, tumeipata. Ila penye vyombo vya moto hapakosi gereji, na leo nina neno na mafundi.

Simama kwenye gereji yoyote ya pikipiki chini ya mti. Fundi anafungua nati, oili nyeusi inachuruzika mpaka chini, bodaboda anajaziwa lita moja mpya, huyoo, kaondoka. Udongo pale umeshikana, mweusi, unateleza, hata majani hayaoti. Mvua ikinyesha, maji ya mtaroni yanang'aa rangi rangi.

Oili ile imebeba haidrokaboni zenye sumu. Hizi huzaliwa mafuta yanapoungua nusunusu: nyingine hutoka na moshi wa dizeli zikatua kando ya barabara, nyingine hujikusanya kwenye oili kadiri injini inavyotembea. Mojawapo, benzopairini, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la kwanza, yaani imethibitika kumletea binadamu saratani. Haziyeyuki kirahisi kwenye maji. Hung'ang'ania udongo, zikakaa humo miaka. Tope likisombwa zinakwenda nalo, na Mto Simiyu unaishia Ziwa Victoria, tunakovua sato na dagaa.

Na wewe mama unayeanika choroko pembeni mwa lami, masizi ya malori yanatua hapo hapo. Anikia nyumbani, juu ya turubai.

Moshi wa lori hatuuwezi sisi wa mtaani. Hata petroli yenye risasi, ambayo Tanzania ilikuwa imeachana nayo kufikia mwaka 2006, iliondolewa kwa uamuzi wa serikali. Lakini oili chafu inataka beseni na dumu tu. Najua wapo wanaoiomba wakapake nguzo zisiliwe na mchwa. Huko ni kuihamishia sumu nyumbani kwako, tena karibu na kuku na watoto.

Halmashauri ya Mji wa Bariadi, tengeni mahali pamoja pa kupokelea madumu ya oili chafu, penye sakafu ya zege na mbali na mkondo wa maji, kisha atafutwe mnunuzi mwenye kibali cha kuichukua. Nawe fundi, kuanzia leo kinga beseni, mimina kwenye dumu, funga mfuniko. Usiimwage mtaroni, wala chooni.