Konekta za Bei Rahisi: Zipimwe Kabla ya Kupanda Mlingoti

(Maneno ya mafundi wa simu za upepo katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi kusema juu ya kitu kisichozidi kidole gumba, nacho kimewatia wenzetu matatani. Ni konekta, ile plagi inayofungwa mwisho wa kebo ya koaksia, kati ya mtambo na eriali.

Habari yenyewe mwaijua. Tajiri hununua konekta za bei rahisi, fundi hupewa, hupanda mlingoti, huzifunga. Masika yakija sauti hupotea. Hapo haulizwi aliyenunua, huulizwa aliyefunga. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa ajili ya mtambo ulioungua. Tulipoipasua konekta ile mbele ya msimamizi, tulikuta plastiki ya ndani imeyeyuka, na sindano ya kati imelala upande ikagusa ganda la nje.

Basi tulikaa tukazipima za aina ya PL-259 na za aina ya N. Hatusemi kwamba kila cha bei rahisi ni kibovu. Nyingine tulizikuta nzuri kabisa. Shida ni kwamba kwa macho zote hung'aa sawasawa.

Anzeni na sumaku. Ganda jema ni la shaba ya manjano lililopakwa fedha au nikeli. Nikeli huvutwa kidogo na sumaku, hilo lisiwatishe. Lakini konekta ikirukia sumaku kama msumari, hicho ni chuma, na kutu haiko mbali.

Kisha plastiki, na hapa ndipo tulipopoteza konekta nyingi. Tefloni haiyeyuki mpaka digrii 327 za sentigredi. Polietilini huyeyuka karibu na digrii 110, na ncha ya chuma cha kulehemu hupita 300. Kwa hiyo katika kila mfuko moja lazima itolewe kafara. Ilehemuni kama kawaida, isubirini ipoe, ishikeni sindano kwa koleo mjaribu kuitikisa. Ikicheza, mfuko wote urudishwe. Halafu pimeni kwa mita kati ya sindano na ganda kabla ya kuunga upande wa pili wa kebo: mshale usisogee hata kidogo. Kama risasi haishiki kwenye ganda, kwaruzeni kwa tupa mpaka shaba ionekane.

Za aina ya N ziko za omu 50 na za omu 75, na sindano ya 50 ni nene zaidi. Ukiisukuma katika soketi ya 75, utaitanua. Siku nyingine sindano iliyo halali yake italegea humo.

Mwisho tulipeleka wati 25 kupitia kila konekta mpaka kwenye mzigo wa kupimia wa omu 50. Ikirudi wati 1, uwiano wa mawimbi ni 1.5, nasi twaridhika. Tukizima mtambo, twaishika konekta: ikiwa ya moto, haifai. Tena PL-259, hata ya bei ghali, haikukusudiwa masafa ya juu ya megahezi 300, wala haizuii maji. Huko juu ya mlingoti izungushieni utepe wa mpira.

Sasa juu ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa kwa kusudi. Plastiki kuyeyuka si kusudi la fundi. Kwa hiyo kila mmoja aandike katika daftari tarehe, aina ya konekta na alichosoma kwenye mita, na msimamizi atie sahihi. Tena twaomba halmashauri imwandikie tajiri kwamba konekta 5 za mfano zitupitie sisi kabla hajanunua za mwaka mzima.

Mwenzetu bado hajarudishiwa fedha zake. Barua yake iko kwa katibu wa tawi, na konekta ile iliyopasuliwa imefungwa pamoja nayo katika bahasha.