Nafasi Kati ya Boti na Kiboko

Nakala ya mazungumzo kwa waendesha boti wa Ziwa Naivasha



Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, watu hupanda boti kule Watamu, Kaunti ya Kilifi, kwenda kuwatazama nyangumi wa nundu. Wanyama hao hutoka katika bahari baridi za kusini mwa dunia na kuja pwani ya Afrika Mashariki kuzaa na kunyonyesha. Nakuru haina bahari. Hata hivyo, wanasayansi waliochunguza chembe za urithi wamebaini kwamba, kati ya wanyama wote walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo ni kiboko. Kwa hivyo familia inayopanda boti Naivasha siku ya Jumapili inakwenda kumwona binamu wa nyangumi.

Biashara ya nyangumi ina somo moja linalofaa hapa. Katika nchi nyingi, boti hutakiwa kukaa mita 100 au zaidi kutoka kwa nyangumi, na bado wageni hulipa na kurudi wakiwa wameridhika. Wanacholipia ni kumwona mnyama akiwa huru, akifanya mambo yake. Nafasi kati ya boti na mnyama ni sehemu ya kile kinachouzwa.

Naivasha, nafasi hiyo ni uhai. Nyangumi ni nadra kushambulia boti. Kiboko hushambulia, kwa sababu maji aliyomo ni boma lake. Dume anaweza kuzidi kilo 2,000. Haogelei kama wengi wanavyodhani. Hutembea na kujisukuma kwa miguu chini ya maji, na anaweza kukaa huko dakika 5 hivi kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Ndiyo maana kiboko aliyezama ghafla anatisha kuliko yule anayeonekana. Na anapopanua mdomo mbele ya boti, hapigi miayo. Anaonya.

Mwezi wa Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ukingoni mwa ziwa hili alipokuwa akipiga picha. Wavuvi na wakazi wa fuo wanajua visa vingine ambavyo havikufika magazetini.

Hatari hiyo imeongezeka kwa sababu ziwa limebadilika. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Mwaka wa 2020 yaliingia nyumbani mwa watu mtaani Kihoto. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na malisho yake mengi sasa yamefunikwa na maji au yamepakana na makazi. Waendesha boti nao hupita juu ya nyua za zamani na kando ya miti iliyokaukia majini.

Waendesha boti wazoefu wanayajua haya, na vijana wanaoanza kazi wafundishwe. Boti isipite kati ya viboko na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko wanakokimbilia. Isipite kati ya mama na ndama. Isiingie ndani ya mafunjo ambako nahodha haoni mbele. Ikikaribia kundi, ipunguze mwendo, na upande wa kuondokea uwe wazi wakati wote. Mapovu yakionekana yakielekea kwenye boti, huo ni wakati wa kuondoka.

Kuna pia upepo. Jina la Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, linalohusu maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa huwa tulivu. Alasiri upepo huja na mawimbi. Safari ndefu, kama ile ya kwenda Kisiwa cha Crescent na kurudi, ni bora ifanywe mapema.

Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha kabla ya boti kuondoka, na lifungwe kifuani. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Mtoto apewe linalomtosha, kwani la mtu mzima litamvuka kichwani akianguka majini. Idadi ya abiria isizidi uwezo wa boti, hata kama ni jamaa moja isiyotaka kutengana.

Jaribu kubwa, hata hivyo, hutoka kwa mteja mwenyewe. Ameshika simu, anasema, "Sogea kidogo tu, kaka, nitakuongeza kitu." Siku ambayo biashara ni mbovu, maneno hayo ni mazito. Dawa yake ni kusema mapema. Bei inapopatanwa ufuoni, masharti nayo yatajwe hapo hapo: hakuna kusimama, hakuna kuvua jaketi, hakuna kuwasogelea viboko. Na waendesha boti wote wakubaliane, kwa sababu mmoja akikubali kusogea, mwenzake aliyekataa ataonekana mwoga, na kesho atakosa abiria.

Wageni nao wana wajibu. Asiyeona jaketi ndani ya boti asipande. Anayetaka picha ya karibu aje na kamera inayovuta mbali, au atosheke na furukombe, ambaye hushuka kuchukua samaki karibu na boti bila kumdhuru mtu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Naivasha atapona iwapo mgeni atarudi nchi kavu salama na kuwaambia wenzake waje. Mteja akisema "sogea", nahodha ana haki ya kusema "hapa panatosha", na wenzake wote ufuoni wanapaswa kumuunga mkono.