Kufa na Kuuawa: Neno Moja Katika Habari za Zamani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kwanza natoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu. Najua chakula ki tayari, kwa hiyo sitawachosha. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya magazeti, kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu. Nimechagua neno moja tu: kufa.

Neno hili twalitumia kila siku. Mbuzi hufa, mti hufa, hata gari hufa njiani. Gari likifa hakuna anayeuliza nani ameliua. Hiyo ndiyo tabia ya kitenzi hiki: hakimdai mtendaji. Ukiandika "watu kumi wamekufa", sentensi imetosha, na msomaji hugeuza ukurasa. Lakini ukiandika "watu kumi wameuawa", mara swali huzuka lenyewe: wameuawa na nani?

Tazameni habari za Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ile iliyo karibu na Mto Tana, watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni walilazimishwa kwenda kufanya kazi. Walipigwa na askari wa kambi, na kumi na mmoja wakapoteza maisha. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba watu kumi walikufa, na kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya wao kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, lakini kitenzi chake ni pacha wa hiki chetu. Askari hawakutajwa, wala marungu hayakutajwa. Kufa kulikuwako, na maji yalikuwako. Uongo ulikuwa katika kuviunganisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Hakimu aliyechunguza vifo alionyesha kwamba vilitokana na kipigo. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo hadi usiku wa manane. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yale.

Lakini vijana, msidhani kwamba "kufa" daima ni neno la kuficha na "kuuawa" daima ni neno la kweli. Tarehe 13 Februari 1961 wakuu wa Katanga walitangaza kwamba Patrice Lumumba alitoroka, kisha akauawa na wanakijiji. Hapo mtendaji alitajwa waziwazi, lakini alikuwa wa kubuni. Lumumba alikuwa amekwisha kupigwa risasi tangu tarehe 17 Januari, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikononi mwa wakuu wa Katanga, na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mwaka 2002 ndipo serikali ya Ubelgiji ilipoomba radhi kwa sehemu yake katika jambo hilo. Wanakijiji walibebeshwa damu ambayo hawakuimwaga.

Basi mwandishi afanye nini? Mimi nilifuata kanuni hii mezani pangu. Kama hujui chanzo, andika kwamba mtu amekutwa amekufa, na useme ni nani aliyekwambia. Kama ushahidi upo kwamba ameuawa, usiandike "amekufa" kwa kumwogopa mkubwa. Na ukimtaja muuaji, uwe na msingi wa kumtaja, kwa maana naye ana mama na watoto watakaosoma gazeti lako.

Nasikia mnalo gazeti la ukutani hapa shuleni. Vizuri sana. Habari zenu ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile. Dirisha "limevunjika", au limevunjwa? Fedha za chama "zimepotea", au zimechukuliwa? Kiswahili chetu kimetupa viambishi vya kutenganisha mambo hayo, na aliyejizoeza kuvitumia kwa haki juu ya dirisha ataweza kuvitumia siku atakapoandika juu ya roho ya mtu.

Watu wa Hola waliandikiwa habari yao na wengine. Mtakapoandika za wenzenu, pimeni kitenzi.