Mondo Bandani: Kulinda Kuku, Paka na Mbwa Pasipo Sumu

Mada iliyowasilishwa kwa wafugaji wadogo na wenye kaya wa mikoa ya Mbeya na Iringa



Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida halimo katika vijitabu vya mlaji. Mlaji hufundishwa kusoma tarehe ya kuisha muda wa bidhaa, kudai risiti na kukagua mizani. Leo mada yangu ni mnyama. Hata hivyo, mnyama huyu ana namna yake ya kumfikisha mwananchi dukani, na huko dukani ndiko hasara kubwa inakoanzia. Kuku akichukuliwa usiku, asubuhi mwenye mji huenda kununua kitu: waya, kufuli, taa, au kichupa cha sumu kisicho na maandishi. Jogoo aliyeliwa ana bei inayojulikana. Kichupa kile kinaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Miongoni mwa paka wa porini wa Nyanda za Juu Kusini, anayepatana zaidi na mashamba yetu ni mondo. Ana miguu mirefu, shingo ndefu, masikio makubwa yaliyosimama, na manyoya ya rangi ya manjano yenye madoa meusi. Uzito wake ni kati ya kilo 7 na 18, na mkia wake ni mfupi wenye pete nyeusi. Watu wengi humwita mtoto wa chui au duma, na picha yake ikishafika katika makundi ya simu huwa amekwisha kuwa chui mzima. Chui ana mkia mrefu, na madoa yake yamejipanga kama maua yenye uwazi katikati. Simbamangu, binamu yake mwingine, hana madoa. Ana rangi moja ya hudhurungi nyekundu na vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Paka pori naye anafanana mno na paka wa nyumbani, hata huzaliana naye.

Mondo hupenda nyasi ndefu karibu na maji. Mandhari ya namna hiyo ndiyo tuliyo nayo katika mabonde ya vinyungu huko Iringa na kandokando ya mashamba ya mpunga ya Usangu. Palipo na mahindi na mpunga pana panya, na panya ndio chakula chake kikuu. Masikio yale makubwa humwezesha kumsikia panya anayetembea chini ya majani bila kumwona, kisha huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Utafiti uliofanyika katika Kreta ya Ngorongoro ulionesha kwamba karibu nusu ya miruko yake hufanikiwa, kiwango ambacho simba mwenyewe hakifikii. Mkulima aliyewahi kuona shamba la mahindi likichimbuliwa mbegu na panya shamba siku chache baada ya kupanda ataelewa kwa nini mimi binafsi sina haraka ya kumwita mondo adui.

Wala si mnyama wa mbugani pekee. Huko Secunda, Afrika Kusini, kuna kiwanda kikubwa kinachogeuza makaa ya mawe kuwa mafuta. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, watafiti walieleza kwamba ndani ya uzio wa eneo hilo mondo wamesongamana kuliko mahali pengine popote palipowahi kuandikwa. Ndani ya uzio pana nyasi, maji na panya, na hakuna anayewawinda. Kwa hiyo tusishangae mondo akipita nyuma ya nyumba za Uyole au pembezoni mwa Mafinga.

Pamoja na hayo yote, kuku ni ndege, na mondo hula ndege. Kuku anayelala mtini au katika banda bovu ni chakula rahisi kuliko panya. Paka mdogo wa nyumbani naye anaweza kukamatwa akizurura usiku. Hasara hiyo ni ya kweli, na mama anayelipia daftari za shule kwa mayai hawezi kuambiwa avumilie kwa sababu mnyama ni mzuri.

Lakini kabla ya kununua chochote, tambueni kwanza mwizi ni nani, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mondo na jamaa zake wa ukoo wa paka huacha nyayo za mviringo zisizo na alama za kucha, kwa kuwa kucha huzirudisha ndani watembeapo. Nyayo za mbwa na bweha huonesha kucha. Mondo akimpata ndege mkubwa humnyonyoa kabla ya kula, hivyo manyoya hutapakaa mahali pamoja, mara nyingi hatua kadhaa kutoka bandani. Kanu, yule mwembamba mwenye mkia mrefu wa pete, hupenya katika upenyo ambao hamkuudhania. Nguchiro huja mchana na hupenda mayai. Mkikuta ubao umeng'olewa na udongo umechimbwa kwa nguvu, mfikirieni nyegere. Na mara nyingine mwizi ni mbwa wa jirani, jambo ambalo hugeuza suala zima kuwa la baraza la kijiji.

Niseme pia, kwa kuwa majina yanakaribiana kwa herufi moja tu: anayemaliza kuku wengi vijijini ni mdondo kuliko mondo. Mdondo ukiingia unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Mfugaji aliye na fedha kidogo, akiniuliza aanze na chanjo au na waya, nitamjibu aanze na chanjo.

Sasa niende kwenye sumu, ambako nitakaa kidogo.

Kuna mtindo wa kupaka kiuatilifu cha shambani kwenye utumbo wa kuku na kuutupa nyuma ya nyumba. Anayeuweka hudhani mondo peke yake ndiye atakayeupata. Sumu haina macho. Atakayefika wa kwanza pengine ni mbwa wako mwenyewe, au paka wa jirani, au kunguru atakayeudondosha kisimani, au mtoto anayetambaa. Mwaka 2018, katika eneo la Ruaha, mzoga uliotiwa sumu uliua simba 6 na tumbusi zaidi ya 70. Tumbusi ndio wasafishaji wetu wa mizoga. Hawakuwa wamechukua ng'ombe wala mbuzi wa mtu yeyote.

Sumu ya panya nayo ina mkondo wake. Panya aliyeila hafi papo hapo; hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na mlegevu ndiye anayekamatwa. Paka wako akimla, sumu humwingia. Huko Cape Town watafiti waliwapima simbamangu wanaoishi karibu na jiji, wakakuta sumu za panya katika zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliopimwa. Hakuna aliyewategea wanyama wale. Sumu ilipita kwa panya tu. Hivyo mwananchi anayemwaga sumu ya panya ghalani bila utaratibu anamuua mwindaji wa panya, na mwaka unaofuata panya huongezeka.

Kwa ununuzi wenyewe, kanuni ni hii. Viuatilifu hapa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kifungashio halali kina jina la sumu iliyomo, namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda na maelekezo ya matumizi. Kile kinachopimwa kwa kizibo na kumiminwa katika chupa ya soda, au unga unaouzwa gulioni katika karatasi iliyokunjwa, msikinunue hata kama muuzaji ni mtu mnayefahamiana naye miaka yote. Chupa ya soda ikiwa na sumu ndani hubaki kuwa chupa ya soda machoni pa mtoto. Na kiuatilifu kilichosajiliwa kwa ajili ya wadudu wa nyanya hakijasajiliwa kwa ajili ya kuua wanyama. Kukitumia hivyo ni kukiuka maelekezo yake, na sheria ya wanyamapori nayo inakataza sumu kama njia ya kuua.

Fedha iliyokuwa iende kwenye sumu ipelekwe kwenye banda. Mondo huruka zaidi ya mita 2 kwenda juu, kwa hiyo uzio usio na paa ni pambo tu. Banda la usiku liwe dogo, lenye paa, lenye sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi au ukuta wenye waya uliozikwa kiasi cha sentimita 30. Wenzetu wa Mufindi wana bahati ya mashine za mbao zinazotegemea msitu wa Sao Hill. Mabanzi yanayobaki hupatikana kwa bei nafuu, na yakipigiliwa bila mianya ni ukuta mzuri kuliko waya dhaifu.

Juu ya waya, mlaji huumia sana. Waya mwembamba wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, ulitengenezwa ili kuku asitoke. Nyegere na mbwa huupasua. Muulizeni muuzaji geji ya waya, na mkumbuke kwamba namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba: geji 22 ni dhaifu kuliko geji 16. Kwa sehemu ya chini ya banda chukueni waya mzito uliochomelewa, wenye matundu ambayo ngumi ya mtoto haipiti. Rola ikiandikwa mita 30, ipimeni dukani kabla ya kulipa. Ikipungua, Wakala wa Vipimo anahusika. Daini risiti, kwa kuwa waya ukianza kuvunjika mapema bila risiti hamtakuwa na pa kuanzia. Komeo liwe la kuzungusha au la kufuli, na bawaba ziwe za chuma, maana kipande cha mpira wa baiskeli hakimzuii mnyama mwenye njaa.

Kuna taa za sola zinazowaka zinapohisi mwendo, na wauzaji huzisifu kuwa hufukuza kila kitu. Husaidia kwa muda, kisha wanyama huzizoea. Nunueni kama nyongeza ya banda imara. Vifaa vinavyodaiwa kutoa sauti isiyosikika na binadamu msivinunue kwa ahadi ya mdomo.

Mfano wa karibu tunao. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, mradi wa wanyama wala nyama ulioanza mwaka 2009 uliwasaidia wafugaji kuzungushia maboma waya imara, na mashambulizi ya usiku katika maboma hayo yalipungua sana. Pale adui alikuwa simba na fisi. Kama waya uliweza kwa hao, utaweza kwa mnyama wa kilo 12.

Kwa mbwa, hofu iliyo kubwa ni chui. Chui hupenda mbwa. Katika jiji la Mumbai, India, mbwa wa mitaani ni sehemu kubwa ya chakula cha chui wanaoishi kando ya jiji. Mbwa aliyefungwa mnyororo nje usiku hawezi kukimbia wala kupigana. Alazwe ndani ya kibanda chenye mlango. Na mkiona dalili za chui, msimfuate kwa mapanga na mikuki. Chui aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba.

Lipo jambo moja la afya. Mnyama wa porini anayekuja mchana bila woga, anayepepesuka au kuuma ovyo, huenda ana kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na mnyama wowote yule, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka, kwa kuwa idadi kubwa kabisa ya vifo vya binadamu hutokana na mbwa wasiochanjwa.

Mwisho ni sheria na malalamiko. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma. Ngozi ya mondo iliyotundikwa ukutani ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu mahakamani kwa kosa la uhujumu uchumi. Hali kadhalika, msinunue wala kufuga mtoto wa mondo aliyeokotwa shambani. Mara nyingi mama yake yupo karibu, amekwenda kuwinda. Kifuta jasho na kifuta machozi vinavyotolewa kwa kanuni za mwaka 2011 vililenga madhara ya wanyama hatari kama tembo, kiboko, mamba, simba na chui. Mfugaji asipange matumizi yake akitegemea malipo kwa ajili ya kuku.

Hata hivyo taarifa itolewe. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, naye atawaunganisha na ofisa wanyamapori wa wilaya, au na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Tajeni tarehe, saa, idadi ya mifugo iliyopotea na mahali palipoachwa mwanya. Pigeni picha ya nyayo mkiweka kibiriti pembeni yake ili ukubwa uonekane, na mpige kabla uwanja haujafagiliwa.