Neno na Wenzake: Kiingereza cha Mikutano na Shughuli

Mazungumzo kwa makatibu wa vyama wanachama



Kila lugha ina maneno yaliyozoeana, ambayo hayapendi kutenganishwa. Mswahili husema ndoa imefungwa, na husema pia mkutano umefungwa. Kitenzi ni kimoja, lakini ndoa ikifungwa ndiyo kwanza imeanza, na mkutano ukifungwa umekwisha. Mwenye lugha hatatizwi na jambo hilo. Ajikwaaye ni mgeni. Katika Kiingereza mgeni huyo ni katibu wa chama, hasa siku anapomwandikia mnunuzi wa ng'ambo au benki iliyotaka kuona kumbukumbu za mkutano mkuu.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1933 Harold Palmer, Mwingereza aliyekuwa akishughulikia mafunzo ya Kiingereza nchini Japani, alitoa mjini Tokyo taarifa nzima juu ya maneno ya Kiingereza yanayoandamana. Mwenzake A. S. Hornby, pamoja na wasaidizi wake, alitunga kamusi iliyochapwa huko huko mwaka 1942, na ambayo Oxford iliitoa upya mwaka 1948. Kamusi hiyo ilikusudiwa wageni wa lugha. Haikuridhika na kueleza maana ya neno tu, bali ilionyesha pia namna ya kulitumia katika sentensi.

Katika habari za mikutano, Kiingereza hakisemi "make a meeting", ijapokuwa Mswahili husema kufanya mkutano. Husema "hold a meeting", kana kwamba mkutano ni kitu cha kushikwa mkononi. Kuitisha mkutano ni "call a meeting", na kuhudhuria ni "attend a meeting", bila neno lolote katikati. Tukio lolote likitokea mahali fulani, husemwa kuwa "it took place".

Hayo yakikosewa, msomaji atatabasamu tu na kuendelea. Yako mengine yasiyochekesha.

La kwanza ni "put off" na "call off". Yote mawili yana mkia mmoja, lakini la kwanza ni kusogeza mbele tarehe, na la pili ni kufuta kabisa. Mkutano Mkuu wa 33 wa Ushirika Duniani ulipangwa kufanyika Seoul, Korea ya Kusini, mwezi Desemba 2020. Kwa sababu ya maradhi ya korona ulisogezwa mbele, ukafanyika mwezi Desemba 2021. Mkutano huo ulikuwa "put off". Ambaye angeandika kwamba ulikuwa "called off" angewafanya wajumbe wafungue mizigo yao na kukaa nyumbani.

La pili ni kuvunjika. Katibu wa Kiswahili akisema mkutano ulivunjika, kila mtu huelewa kwamba palikuwa na fujo, au akidi haikutimia, na shughuli haikufika mwisho. Akitafsiri "the meeting broke up", Mwingereza huelewa tu kwamba mkutano ulikwisha na watu wakatawanyika kwenda zao.

La tatu ndilo la hatari kuliko yote, nalo ni kuahirisha. Kiswahili hutumia neno hili moja kwa mambo mawili. Mkutano ambao haujaanza huahirishwa. Na mkutano uliokwisha kuanza, ukakatizwa ili uendelee siku nyingine, nao huahirishwa. Kiingereza huyatenga: la kwanza ni "postpone", la pili ni "adjourn".

Na ichukuliwe kwamba chama cha msingi kimeomba mkopo wa pembejeo. Mkutano mkuu umefunguliwa, akidi imetimia, na wanachama wameuidhinisha mkopo kwa kunyoosha mikono. Jua linakuchwa, na mambo yaliyosalia yanaahirishwa hadi Jumamosi. Katibu anaandika kwa Kiingereza: "The meeting was postponed". Afisa wa mikopo asomapo maneno hayo anaelewa kwamba mkutano haukufanyika, wala hapana idhini yoyote iliyotolewa. Jalada linarudishwa rafuni. Mvua haingoji majibu ya barua, na mkulima aliyenyoosha mkono wake anapanda bila mbolea kwa ajili ya neno moja. Lau angaliandika "adjourned", msomaji angalijua kwamba mkutano ulifunguliwa, na kwamba maazimio yaliyokwisha kupitishwa yanasimama.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri, yafaa katibu ajiulize mambo matatu. Je, mkutano ulifunguliwa? Je, akidi ilitimia? Ni maazimio gani yaliyopitishwa kabla ya watu kuondoka? Majibu hayo na yaandikwe waziwazi katika kumbukumbu za Kiswahili kwanza, pamoja na saa na tarehe ya kuendelea. Hapo hata mtafsiri asiyekuwapo mkutanoni ataweza kuchagua neno linalostahili. Asiyekuwa na hakika na aache maneno ya mkato, aeleze kwa sentensi nzima lililotendeka: mkutano ulianza saa fulani, ukapitisha jambo fulani, utaendelea siku fulani. Barua itakuwa ndefu kidogo, lakini azimio la wanachama litafika salama.