Katriji Ikikauka, Msiitupe Bado
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet

Leo tunataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo limeleta manung'uniko katika vikundi zaidi ya kimoja: wino wa printa.

Mambo huwa hivi. Kikundi kinachanga, kinanunua kompyuta na printa ndogo, na kijana mmoja anapewa kazi ya kuchapa mitihani ya shule, ratiba za mazishi, barua na kumbukumbu za mikutano. Watu wanalipa. Lakini mwisho wa mwezi mweka hazina akihesabu, pesa hakuna, na kijana anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Kumbe pesa imekwenda kwa katriji! Ile ya kawaida ya wino mweusi huwa na mililita chache tu, karibu kijiko kimoja cha chai. Kwa hivyo kabla ya kumwuliza kijana pesa ziko wapi, hesabuni kwanza: katriji moja imetoa kurasa ngapi, na ilinunuliwa bei gani?

Basi, tujaze wenyewe. Angalieni aina kwanza. Printa nyingi ndogo za HP, na baadhi za Canon, zina katriji yenye kichwa chake: chini kuna kibamba chenye vijitundu vidogo mno, na ubavuni alama za shaba. Hizo ndizo tunazozungumzia. Kwa Epson kichwa kimo ndani ya printa yenyewe, na zile za poda ni habari nyingine kabisa.

Nunueni wino uliotengenezwa kwa katriji za aina hiyo. Wino wa muhuri utaziba kila kitu. Bomba la sindano la mililita 5 linapatikana duka la dawa. Lile la kudunga ng'ombe liacheni kwa ng'ombe. Tandazeni gazeti, vaeni glavu, maana wino huu hautoki kwa nguo.

Bandua stika ya juu polepole, utaona matundu. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu: samawati, waridi na manjano. Chovya kijiti cha meno katika kila tundu uone rangi yake kabla ya kutia chochote, kwa sababu zikichanganyika hakuna kurudi nyuma. Ingiza sindano ndani ya sponji na usukume wino taratibu. Ukiharakisha unatia hewa. Wino ukianza kuchungulia juu, acha, vuta kidogo kurudisha. Halafu rudisha stika, lakini njia ya hewa isizibwe. Bila hewa kuingia, wino haushuki.

Na ile iliyokauka? Hapa kwetu mvua tunayo, na maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi. Yapashe yawe vuguvugu, lowesha tishu iliyokunjwa, simamisha katriji juu yake, vijitundu vikiangalia chini, dakika mbili tatu. Tishu ikipata rangi, njia imefunguka. Usisugue, wala usichokore kwa pini! Shaba ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kabla ya kurudisha.

Kompyuta huenda ikasema bado wino umeisha. Mara nyingi inashika hesabu ya zamani tu, bonyeza kuendelea. Lakini karatasi ikitoka na mistari, simamisha hapo hapo. Katriji hizi husukuma wino kwa joto, na wino huo huo ndio unaopoza kichwa. Ukichapa kavu, kichwa kinaungua, na hapo ni kununua mpya. Kwa hiyo chapeni ukurasa mmoja wa rangi zote kila wiki, hata kama mteja hakuja, hasa Januari na Februari jua likiwaka.

Hata ikitunzwa, katriji huchoka baada ya kujazwa mara kadhaa, kwa hivyo wekeni akiba. Na kikundi chenye kazi nyingi, sisi tungesema kinunue printa ya tangi, ambayo wino humiminwa tu kutoka chupa. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, na bei yake ya kwanza ni kubwa, lakini wino wake ni nafuu.

Haya, mwenye katriji kavu ailete hapa mezani. Maji yameshapata moto.